Nani Aliyepima Mafuta?

Wiki hii tumemaliza hadithi ya tatu katika klabu yetu ya kusoma hapa shuleni, Kilifi, na ilinibidi niwafukuze wanafunzi darasani ili mlinzi apate kufunga lango. Walikuwa wanabishana kuhusu mafuta: mafuta ya chombo cha angani ambacho hakijawahi kuwako, kilichobuniwa na Mmarekani mmoja mwaka 1954.

Hadithi hizi hazimo katika vitabu teule. Nilipoomba ruhusa ya kuzisoma na Kidato cha Tatu baada ya masomo, swali la kwanza nililoulizwa ofisini ni kama zinatahiniwa. Nikajibu kwamba zitawasaidia katika insha. Kweli zitawasaidia, lakini mimi nilikuwa na langu. Wanafunzi wetu wamezoeshwa kuingia katika hadithi kama karani wa sensa: maudhui mangapi, wahusika wangapi, tamathali zipi, kisha wanafunga daftari. Nilitaka hadithi ambazo huwezi kuzihesabu kabla hujazigombania. Bunilizi za kisayansi za miaka ile ya hamsini zinafaa sana kwa kazi hiyo. Ni fupi, Kiingereza chake hakina makuu, na kila moja imesimama juu ya sharti moja ambalo mwandishi anakuomba ulikubali mlangoni. Tuseme mvua haikatiki. Tuseme mashine ndiyo mwalimu. Tuseme mafuta yamepimwa yakatosha tu. Ukishakubali, ameshakushika.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Nasoma kwa sauti kwa Kiingereza, tunajadili kwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto Kigiriama kinaingia chenyewe bila kubisha hodi.

Tulianza na Isaac Asimov, "The Fun They Had", aliyoiandika mwaka 1951 kwa ajili ya ukurasa wa watoto wa magazeti. Ni mwaka 2157. Margie ana miaka 11, anasomea nyumbani, na mwalimu wake ni mashine yenye kioo na tundu la kutumbukizia kazi ya ziada. Mashine inapomfelisha jiografia mfululizo, anaitwa mkaguzi wa kaunti aje kuifungua na kuipunguza kasi. (Waliposikia "kaunti" walicheka mpaka nikasimama kusoma.) Kisha rafiki yake Tommy anaokota kitabu cha karatasi kuukuu kinachoeleza shule za zamani, watoto walipokaa darasa moja chini ya mwalimu ambaye ni mtu, na Margie anabaki akiwaonea wivu.

Nilichagua hiyo kwa makusudi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hawa walikuwa na umri wa Margie, na wengi wao hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Msichana mmoja alikumbuka vipindi vya redio. Mtangazaji anauliza swali, ananyamaza kidogo, halafu anasema "vizuri sana". "Ilisema vizuri sana hata nikiwa nimenyamaza," akasema. "Hata nikiwa nje nateka maji." Mashine ya Margie angalau ilijua kwamba amefeli. Lakini ule wivu wa Margie haukuwaingia. Mmoja akauliza mbona Tommy hakumwambia kwamba watoto wa shule hizo za raha walikuwa wakirudishwa nyumbani kufuata karo. Nikakosa la kusema, nikapiga kengele.

Ya pili ilikuwa ya Ray Bradbury, "All Summer in a Day", ya mwaka 1954. Watoto wa wahamiaji wanaishi kwenye sayari ya Zuhura, ambako mvua hunyesha miaka saba mfululizo, kisha jua linatoka kwa muda mfupi na kujificha tena. Margot ndiye pekee anayelikumbuka jua, kwa sababu alizaliwa duniani, na wenzake hawamsamehi kwa hilo. Siku ya jua yenyewe wanamfungia kabatini. Mwalimu katoka kidogo. Jua linachomoza, wanakimbilia nje, wanasahau.

Sasa mwambie mtoto wa huku Kilifi kwamba mvua ya miaka saba ni mateso. Misimu mitano ya mvua ilitukosa, moja baada ya nyingine, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Wapo darasani mwangu waliozika ng'ombe. Kijana mmoja akanyosha mkono kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza: "Mwalimu, hawa wana mvua miaka saba na bado wananuna? Mahindi yao yako wapi?" Darasa likaangua kicheko. Niliwaacha wacheke. Niliendelea kusoma, na kicheko kikakatika palipofika wanamsukuma Margot kabatini, naye anaupigapiga mlango kwa ngumi. Kufungiana hawakuhitaji kuelezwa. Wengi wao wamewahi kuufunga mlango wa aina hiyo au kufungiwa, na nilijua wepi ni wepi kwa jinsi walivyoinamisha macho.

Kisha mwanafunzi wa sayansi, wa aina ile isiyoweza kulala na kosa, akasema Zuhura hakuna mvua hata tone la kunywa. Ni kweli. Chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu na sayari ile Desemba 1962 na kuonyesha kwamba ni tanuri. Kisha Venera 7 ya Wasovieti ikatua juu yake tarehe 15 Desemba 1970 na kutuma habari za joto la nyuzi zipatazo 475 za Selsiasi, na kutokana nazo ikakadiriwa kwamba hewa ya huko inagandamiza mara tisini hivi kuliko yetu. Hapo nikachepuka kidogo. Siku tatu tu kabla ya Venera 7 kutua, yaani tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco hapa kwetu, baharini Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Majukwaa yale ya chuma bado yanaonekana baharini. Wanafunzi wa Ngomeni wameyapita kwa mashua tangu utotoni, na mmoja alidhani ni mabaki ya watafuta mafuta. Kipindi kizima kikaishia hapo, na sijutii.

Ila lile swali la "alipatia au alikosea" huwa linanichosha. Watu wanazisoma hadithi hizi kama wanaopigiwa ramli: huyu alitabiri simu, yule alitabiri mitandao. Bradbury huyo huyo ana hadithi ya nyumba inayojiendesha yenyewe, inapika kiamsha kinywa na kuosha vyombo baada ya wenyewe kuteketea kwa bomu la nyuklia. Ilipotoka gazetini mwaka 1950 ilikuwa ya mwaka 1985. Katika kitabu chake, The Martian Chronicles, mwaka huo huo wa 1950, ikawa ya Agosti 2026, yaani mwaka huu tulio nao. Toleo la 1997 likaisogeza hadi 2057. Ramli gani hiyo inayoahirishwa na mchapishaji?

Basi tufike kwenye mafuta.

"The Cold Equations" ya Tom Godwin ilitoka katika jarida la Astounding, Agosti 1954. Rubani Barton yuko peke yake katika chombo kidogo, anapeleka dawa kwa watu sita wanaougua homa kwenye sayari ya Woden. Mafuta yamepimwa kwa uzito wa rubani na mzigo wake, basi. Katikati ya safari anagundua kuna mtu kabatini. Ni msichana wa miaka 18, Marilyn, aliyezamia ili akamwone kaka yake. Alijua amevunja sheria, na alidhani atatozwa faini. Sheria ya chombo lakini ni moja: aliyezamia anatolewa nje, angani, hapo hapo. Uzito wake ukibaki, mafuta hayatatosha kutua, na watakufa yeye, rubani na wale sita. Barton anamtafutia saa moja hivi. Marilyn anaandika barua kwa wazazi, anaongea na kaka yake kwa redio hadi mawimbi yanakatika, kisha anaingia mwenyewe katika chumba cha mlangoni, cha kutolewa nje angani.

Nilitegemea kimya, pengine machozi. Machozi yalikuwapo. Lakini kijana mmoja, mtoto wa nahodha, alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepunjwa chenji. "Mwalimu, nani aliyepima mafuta?"

Nikamwambia aendelee. Akasema baba yake hatoki na mashua bila jerikeni ya ziada, hata akiwa anakwenda pale pale anapokwenda kila usiku. Upepo unageuka, samaki wanahama, mwenzako injini inamfia unamvuta. Nahodha wa kutoka na mafuta ya kutosha tu hampati baharia wa kupanda naye. "Hao wanavuka nyota na nyota," akasema, "wanapimiana kwa kijiko?"

Hapo ndipo darasa lilipolipuka. Mmoja wa wacha Mungu wetu akasema ajali haina kinga. Msichana aliyekaa nyuma yake, ambaye muhula mzima sikuwa nimemsikia, akamjibu bila kusimama: hii siyo ajali. Ajali ni jambo usilolitarajia. Hawa walitarajia watu watazamia, ndiyo maana wakatunga sheria ya kuwatupa. Kama walitarajia, mbona hawakuweka kufuli mlangoni? Nikarudi kwenye ukurasa wenyewe, na kweli, kilichokuwapo mlangoni ni tangazo tu la kuwakataza wasiohusika kuingia. Mwanafunzi wetu wa fizikia naye alishakuwa ubaoni anaorodhesha vya kutupwa nje badala ya mtu: kiti cha rubani, mlango wa kabati, viatu, nguo. Jumla alikuwa anaitafuta kwa kukisia, lakini hasira yake ilikuwa ya kweli.

Kwa muda mrefu hadithi hii imesomwa kama ushahidi kwamba maumbile hayabembelezwi: hesabu ni hesabu, huruma haina uzito. Yapo pia maandishi mengi ya wahakiki wanaoukataa usomaji huo, na hoja zao ni zile zile za mtoto wa nahodha. Nilichokipenda ni kwamba yeye hakuwasoma. Alizitoa kwenye mashua.

Mwenzao mmoja alimtetea mwandishi, na alimtetea vizuri: "Ukimwekea jerikeni, hadithi imekwisha." Ndipo nikawaambia habari inayojulikana ya mhariri wa Astounding, John W. Campbell. Godwin alikuwa akiandika na kupata njia ya kumwokoa msichana, na Campbell akawa anamrudishia mswada mpaka afe. Nilidhani habari hiyo itapoza mambo. "Kumbe aliyemuua ni Campbell!" mtu akapiga kelele, na huo ndio wakati mlinzi alipochungulia dirishani.

Bado naipenda hadithi hii. Wapo walimu wanaosema iachwe kwa kuwa msingi wake ni wa hila, nami naona hila hiyo ndiyo faida yake. Mtu wa kawaida hukutana na hesabu ikiwa imeshafanywa na mtu asiyemwona: mzani wa mnunuzi wa korosho, foleni ya basari, dawa zilizoletwa zahanati pungufu. Anaambiwa ndivyo ilivyo, na mwenye kumwambia ni karani kama Barton, mpole, mwenye huruma kabisa, ambaye wiki ijayo atakuwa kazini vile vile. Nilitaka wamtazame huyo Barton kwa muda. Hawakutaka, walikuwa na haraka ya kumfikia bosi wake.

Kazi niliyowapa ilikuwa kuandika ripoti ya tume ya uchunguzi. Zimekuja zenye mihuri ya kuchorwa kwa kalamu na nakala kwa Mbunge. Zinapendekeza kufuli, mzani mlangoni, akiba ya mafuta, fidia kwa wazazi. Moja imependekeza Barton apewe likizo yenye malipo na mtu wa kuongea naye. Wamejitahidi kuliko insha yoyote niliyosahihisha mwaka huu. Mwaka ujao nitawaonyesha pia filamu fupi ya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, na tukipata nakala za kutosha tutaisoma *Walenisi* ya Katama Mkangi wetu wa Pwani, ingawa hiyo ni riwaya na klabu ni saa moja.

Ripoti moja lakini nimeiweka kando. Kijana mmoja aliandika peke yake, akakataa kujiunga na kundi. Anaitetea kampuni. Anasema kila lita ya akiba ni uzito, na uzito unaokaa bure ni dawa ambayo haikupakiwa. Ukiweka akiba katika kila chombo kwa ajili ya mzamiaji mmoja, umewanyima wagonjwa wa sayari nyingine usiowajua majina, na kwa kuwa hawana majina hakuna atakayewaandikia hadithi. Mstari wa mwisho anauliza kama tume yetu imewahesabu hao. Baba yake si mvuvi. Ni tabibu katika zahanati.

Nimempa alama za juu kuliko wote, na pembeni sijaandika neno. Jumanne nitawasomea wenzake, mtoto wa nahodha aanze kumjibu.