Nilivyoweza kurejelea vyanzo vyenye waandishi wengi bila kuchanganyikiwa

Naandika hii kwa yeyote ambaye saa hizi yuko kwenye tasnifu, amefika sura ya mapitio ya maandiko, ana vyanzo kibao na karibu kila kimoja kimeandikwa na watu wanne, watano, kumi na kitu. Mi fani yangu ni afya ya jamii, na kwenye afya makala ya mtu mmoja ni nadra sana kuikuta. Chanzo cha mwandishi mmoja hakina shida, jina, mwaka, umemaliza. Kazi inaanza wakiwa wengi, manake hapo unatakiwa ujue nani atajwe na nani aingie kwenye "et al." (yaani "na wengine"), wapi uandike "na" wapi uweke &, alafu kwenye orodha ya mwisho watokee wote au wakatwe, na kila stail ya kurejelea ina jibu lake.

Kitu cha kwanza kilichonifungulia njia ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi wanayachukulia kama jambo moja: jina linavyokaa ndani ya aya, na jina linavyokaa kwenye orodha ya marejeo kule mwisho. Hizo ni sheria mbili tofauti kabisa na hesabu zake hazifanani. Unakuta mtu kasikia "wakifika watatu weka et al." basi anaibeba hiyo hadi kwenye orodha, kule anaandika jina moja na et al., wakati stail yake inataka majina yote.

Chuoni kwetu tulitakiwa kutumia APA, stail ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7. Hili lilitoka Oktoba 2019 ingawa kwenye kitabu chenyewe mwaka ni 2020. Ndani ya aya sheria yake ni fupi: wakiwa wawili unawataja wote wawili kila mara, haijalishi umewataja mara ngapi, wakiwa watatu au zaidi unataja wa kwanza na et al., kuanzia mara ya kwanza kabisa. Toleo la 6 halikuwa hivo, lenyewe lilitaka wakiwa watatu hadi watano uwataje wote mara ya kwanza ndo baadae ufupishe, na wakiwa sita kwenda juu ndo ufupishe moja kwa moja. Sasa huku kwenye intaneti miongozo ya toleo la 6 bado imejaa, watu wanaichapa na kugawana PDF bila kuangalia toleo, ndo maana unakuta wanafunzi wawili wanabishana na kila mmoja ana karatasi mkononi inayomuunga mkono. Chukua makala ya Einstein, Podolsky na Rosen ya 1935. Kwa toleo la 6 mara ya kwanza ungewaandika wote watatu, kwa toleo la 7 unaandika (Einstein et al., 1935) hapohapo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "APA inasemaje" uliza kwanza ni toleo gani, ukiweza mwulize msimamizi wako kwa maandishi ili jibu libaki.

Kwenye orodha ya mwisho sasa, APA 7 inataka majina yote mpaka watu 20. Wakifika 21 au zaidi unaandika 19 wa kwanza, unaweka nukta tatu, alafu unamalizia na jina la mwandishi wa mwisho. Toleo la 6 liliishia watu 7, wakizidi hapo ni sita wa kwanza, nukta tatu, na wa mwisho. Binafsi naona toleo jipya limewatendea haki watu, manake mtu aliyekuwa wa nane kwenye utafiti wa malaria amefanya kazi ya kweli na jina lake linastahili kusomeka mahali.

Na hapo ndo nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote kwenye hii mada, nalo ni mpangilio wa majina. Mpangilio ule ni wa waandishi wenyewe. Kwenye sayansi za afya na baiolojia kwa kawaida wa kwanza ni yule aliyebeba sehemu kubwa ya kazi na wa mwisho mara nyingi ndo kiongozi wa maabara au wa kundi lile la utafiti, wakati kwenye hisabati na uchumi wamezoea kupangana kwa alfabeti. Wewe unayerejelea huna ruhusa ya kuwapanga upya. Nimeshaona rasimu za wenzangu ambazo mtu kachukua waandishi watano akawapanga kwa alfabeti kwa sababu aliambiwa "orodha ya marejeo inapangwa kwa alfabeti", na matokeo yake aliyeongoza utafiti anajikuta wa nne na hata et al. inaanza na jina la mtu mwingine kabisa, msomaji akienda kutafuta hiyo makala haipati. Alfabeti inapanga vyanzo, yaani chanzo kipi kikae juu ya kipi. Vilevile ukiweka vyanzo vitatu kwenye mabano mamoja, APA inataka vipangwe kwa alfabeti na vitenganishwe kwa nukta-mkato. Lakini majina ndani ya chanzo kimoja hayaguswi.

Kwa sababu hiyo nilijiwekea utaratibu mmoja na ndo ulioniokoa: majina yote yaingie tangu siku ninayoisoma makala, kwa mpangilio uleule wa ukurasa wa kwanza, na kufupisha kuje mwishoni. Hata kwenye daftari langu la kusomea sikuandika et al. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajajua anamshonea nani, na mi sikujua hizi sura zitaishia wapi, chuoni au kwenye jarida. Ukifupisha mapema alafu sheria ikabadilika inabidi urudi kuitafuta kila makala upya, na nyingine utakuwa umeshasahau uliipata wapi.

Nilitumia Zotero, ni programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeo, na kazi ya kufupisha inaifanya yenyewe vizuri ukiilisha majina sahihi. Ukilisha hovyo inatoa hovyo. Mambo niliyokuwa nayaangalia kila nikiingiza makala, nikiwa nimeifungua PDF pembeni, kwanza ni idadi, wako wangapi kwenye PDF na wako wangapi kwenye programu, manake taarifa zinazovutwa kutoka mtandaoni wakati mwingine huja na mtu kapungua. Alafu majina ya watu wenye majina mawili ya ukoo: Gabriel García Márquez anakaa chini ya García Márquez, sio Márquez, na programu inaweza kumtupa "García" upande wa majina ya kwanza usipoiangalia. Na kubwa zaidi ni mashirika. Shirika la Afya Duniani likiingia kwenye sehemu mbili za jina kama mtu, kwenye orodha linatoka "Organization, W. H." na nimeiona hiyo hata kwenye makala zilizochapishwa! Dawa yake ni kubofya kitufe kidogo pembeni ya jina kibadilishe sehemu mbili ziwe moja. Rafiki yangu anayeandikia LaTeX (mfumo wa kuandaa nyaraka kwa amri, ambao marejeo yake hupangwa na programu ya BibTeX) yeye ugonjwa wake ni mwingine, kule majina yanatenganishwa kwa neno "and" na sio mkato, kwa sababu mkato wenyewe unaiambia BibTeX hapa ndo jina la ukoo limeishia, sasa ukiwapanga watu watano kwa mikato inawaona ni mtu mmoja mwenye jina la ajabu. Na shirika analifungia kwenye mabano ya ziada ya {} lisikatwekatwe.

Kuna kisa kimoja nitaeleza kwa undani kidogo kwa sababu miongozo mingi mifupi haigusi. Nilikuwa na makala mbili za kundi moja la watafiti, mwandishi wa kwanza yuleyule, mwaka uleule. Tuseme ya kwanza ni A, B, C, D na E, ya pili ni A, B, F, G na H. Ukizifupisha zote zinakuwa "A et al., 2018", msomaji hajui unaongelea ipi. Wengi hukimbilia kuweka 2018a na 2018b, lakini kwa APA herufi hizo ni za vyanzo ambavyo waandishi wake wote ni walewale kwa mpangilio uleule. Hapa waandishi sio walewale, kwa hiyo unaongeza majina mpaka pale zinapoachana: A, B, C, et al. (2018) na A, B, F, et al. (2018). Na hapo kuna ka-sheria kengine ndani yake, et al. ni ya watu wengi, haiwezi kusimama badala ya mtu mmoja, kwa hiyo kama kila makala ingekuwa na watu wanne tu na wanaachana kwenye jina la tatu, ungeandika majina yote manne kuliko kubakiza mtu mmoja kwenye et al. Nilipoielewa hii nilitulia kabisa, sababu kila hatua ina mantiki yake, lengo ni msomaji aifikie makala ileile uliyoisoma wewe.

Upande wa lugha, kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Ndani ya sentensi andika "Watson na Crick (1953) walieleza", ndani ya mabano (Watson & Crick, 1953). Nukta inakaa baada ya al, et haina nukta. Ukichagua "na wenzake" badala ya et al. ni sawa, wataalamu wengi wa Kiswahili wanaandika hivo na inasomeka vizuri, ila ichague na ubaki nayo kote, usichanganye ukurasa huu wenzake ukurasa ule et al. Na kitenzi kiwe cha wingi jamani. "Einstein et al. (1935) anasema" haikai, ni "wanasema" au "walihoji", pale kuna watu watatu. Hili programu haitakusahihishia, na nililitafuta mwenyewe sentensi kwa sentensi.

Baada ya kutetea tasnifu nilitaka sura moja niigeuze makala, na jarida likawa linatumia Vancouver. Huo mfumo ulianzia kwenye kikao cha wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978 kwenye mji huo wa Vancouver, Kanada. Ndani ya aya ni namba tu, majina hayatokei usipotaka, na kwenye orodha jarida lile lilitaka sita wa kwanza alafu et al. wakizidi hapo. Hata sura ya jina inabadilika, Watson, J. D., & Crick, F. H. C. inakuwa Watson JD, Crick FH, hakuna nukta kwenye herufi wala &. Kwa kuwa majina yote yalikuwa ndani, nilibadilisha stail kwenye programu na orodha nzima ikajipanga upya mbele ya macho yangu. Mwenzangu aliyekuwa anaandika mapitio ya fasihi kwa MLA, stail inayotumika sana kwenye lugha na fasihi, yeye hesabu yake ni rahisi, watatu au zaidi ni wa kwanza na et al., ndani ya aya na kwenye orodha pia. Wakiwa wawili ni wa kwanza tu anayegeuzwa jina la ukoo likatangulia, wa pili anabaki kama anavyoitwa. Chicago nayo ina toleo la 18 la 2024 lililobadilisha idadi, la 17 kwenye orodha liliruhusu hadi kumi, hili jipya linaishia sita na wakizidi unaandika watatu na et al., kwa hiyo na huko uliza toleo. Harvard ndo haina kitabu kimoja cha mamlaka, kila chuo kina yake, fuata mwongozo wa chuo chako na usibishane na wa chuo kingine.

Kama bado unaona watu wanane ni wengi, angalia makala ya fizikia ya 2015 ya makundi ya ATLAS na CMS kuhusu uzito wa chembe ya Higgs. Ina waandishi 5,154. Kurasa zake ni 33 na utafiti wenyewe pamoja na marejeo umekaa kwenye kurasa 9 tu, zinazobaki ni za majina na taasisi. Ndani ya aya kwa APA 7 ni (Aad et al., 2015), hesabu ileile ya watu watatu.

Ukaguzi wa mwisho niliufanya kwa mkono, hapo siamini programu. Nilitafuta "et al" kwenye faili lote kwa Ctrl+F, kila ilipotokea nikahesabu waandishi kwenye orodha kama wanafika watatu, nikaangalia nukta, mkato na mwaka. Kisha nikageuza, nikaanzia kwenye orodha, kila chanzo nikakitafuta kwenye aya kama kweli kimetumika. Kwa ile ya jarida nilipitia tu zile zenye waandishi saba kwenda juu, manake hapo ndo majina yanapoanza kukatwa, nikafananisha majina sita ya kwanza na PDF zake, nikaituma usiku uleule.