Kumbukumbu ya mradi: simu ya GB 8 niliyoikuta na GB 2

Jumamosi ilikuwa siku ya betri. Kwenye orodha yetu ya sifa za simu, safu ya betri iko tupu kwa karibu kila modeli niliyoingiza, na nilishaapa kuijaza. Sijagusa hata moja. RAM imenila wikiendi nzima.

Mnajua MemTotal, yaani jumla ya RAM inayotajwa na mfumo wa simu wenyewe na kusomwa na skripti yangu, haijawahi kutoa namba iliyonyooka. Kerneli (kiini cha mfumo) na modemu hujikatia chao kwanza, kwa hiyo simu ya GB 3 inakusomea kilobaiti milioni 2.8 na ushee. Mimi, saa saba usiku, nikaiambia skripti ipandishe hadi 2, 4, 8, 16, basi. Matokeo yake GB 3 zote zikawa 4, GB 6 zikawa 8, na nikazisukuma kwenye hazina kuu ya faili za mradi bila kukagua. Mwenzangu mmoja akauliza kwa upole kama kweli simu ile ya bei chee ina GB 8. Aibu yangu. Sasa skripti inalinganisha na saizi zinazouzwa kweli: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16. Mistari mitatu tu.

Nikaenda Kariakoo kwa fundi wangu, anayeniruhusu kuchomeka simu anazouza, nikiwa kifua mbele. Simu ya tatu: boksi linasema GB 8, mipangilio inasema GB 8, Android 13. Skripti inasema 2.

Nikailaumu skripti. Nikabadilisha waya (nusu ya waya za mtaani ni za chaji tu, data hazipitishi, wangu mzima nimeufunga utepe mwekundu, na mtu asiuguse). Bado 2. Nikawaza labda ni ile RAM ya kuazima kutoka kwenye hifadhi, wanayoiandika "4+4". Lakini ile huhesabiwa kando, kwenye SwapTotal, na hapo hapakuwa na cha maana. Saa nzima nimeinamia kaunta, wateja wananipita.

Kilichoifichua ni getprop, amri inayosoma taarifa za mfumo wa simu: release ni jina la toleo la Android, sdk ni namba yake ya ndani. ro.build.version.release: 13. ro.build.version.sdk: 27. Namba 27 ni Android 8.1, 13 halisi ni 33! Aliyeichakachua alibadilisha maandishi anayoyaona mnunuzi, akaiacha sdk, kwa sababu programu huuliza sdk. Angeipandisha, programu zingeita vitu visivyokuwemo na kuanguka moja baada ya nyingine.

"Kaka, mimi nimeuziwa kama nane," fundi akasema, akiligeuza boksi huku na huku. Akaitoa kwenye kabati la kioo.

Basi betri kwaheri. Tangu jana naandika kikaguzi: kila rekodi mpya inalinganishwa release na sdk, na zisipokubaliana inapata alama ya mashaka, haiingii mpaka mtu aitazame kwa macho. Jedwali limeniuma kidogo kwenye 12, kwa kuwa 31 ni 12 na 32 ni 12L.

Nilitaka pia kuhakiki majina ya modeli kwa orodha ya Google ya simu zinazokubalika Play. Faili ni CSV (jedwali la maandishi matupu), lakini herufi zake zimesimbwa kwa UTF-16, ambayo skripti haikuitarajia. UTF-16! Skripti ilimeza herufi zikatoka nukta tupu. CSV naivumilia kwa kusoma tu. Rekodi zetu zibaki JSON (muundo wa data wa maandishi), faili moja kwa modeli, maana watu wawili wakihariri jedwali moja refu, ugomvi wa Git, programu inayounganisha mabadiliko yetu, nimeshauonja.

Na aliyependekeza tuvune modeli kutoka kwenye vivinjari: tangu Chrome 110 ya 2023, simu za Android zinajitaja "Android 10; K", modeli hakuna. Tutaendelea na waya.

Kinachofuata ni TAC, tarakimu 8 za mwanzo za IMEI (namba ya utambulisho ya kila simu), zinazotaja modeli. Hizo tu, IMEI nzima hatuhifadhi. Nataka kuona ile simu imeazima TAC ya nani. Betri zitasubiri.