Ukirudi nyumbani, usiandike "zilipendwa" tu

Wengi wanaorudi Dar baada ya miaka ughaibuni hufanya shughuli ya kuonana na ndugu, na nyimbo huzitafuta mtandaoni kwa neno moja: zilipendwa. Zilipendwa za nani? Mjomba wa miaka 70, dada wa 45 na mpwa wa 20 kila mmoja anazo zake.

Mzee usimuulize jina la wimbo, muulize mtindo, yaani jina la staili ambalo kila bendi ya dansi ilijipa. Akisema Sikinde, ni Mlimani Park. Saboso ni Western Jazz, Kamanyola ni Maquis, Pamba Moto ni Vijana Jazz. Kwenye Msondo uwe makini: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, halafu Msondo Ngoma. Baba akishikilia NUTA na shangazi akabisha kuwa ni JUWATA, huenda wote wako sahihi, kila mtu na ujana wake. Tafuta kwa majina yote manne.

Halafu urefu. Wimbo wa dansi huanza taratibu na mashairi, kisha linakuja chemko, magitaa yanashika usukani na watu wanainuka. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikutosha kubeba vyote, kwa hiyo wimbo ulikatwa: mashairi upande mmoja, chemko upande wa pili. Faili la dakika tatu na nusu linalofifia ghafla huenda ni nusu ya wimbo. Tafuta sehemu ya pili, au rekodi ya RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. DJ naye aonywe. Kazoea kubadilisha wimbo dakika ya tatu, na kwa dansi hapo ndipo utamu haujafika.

Kanda za kaseti zilizoko kabatini ndizo hazina yenyewe, lakini usizitumbukize kwenye redio kaseti hivi hivi. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda, iweke kando, la sivyo utachafua kichwa cha redio na kanda zitakazofuata. Tazama pia kile kipande kidogo cha kitambaa kinachobana mkanda katikati. Kikibanduka, sauti inakuwa hafifu na imeziba. Safisha kichwa na kiroli cha mpira kwa pamba yenye spiriti, acha vikauke. Peleka kanda mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo ucheze, maana mkanda uliokaa miaka hugandana. C-90 ina mkanda mwembamba kuliko C-60, huliwa upesi. Sauti ikiyumba, kwanza shuku mpira wa ndani ya redio uliolegea. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, dakika 30 kwa C-60, na usimkate mtangazaji kati ya nyimbo: kwa mzee aliyekua na redio moja ya taifa, sauti ile ni sehemu ya wimbo.

Dada alikulia redio binafsi za miaka ya 1990 na Bongo Fleva ya mwanzo. Anakumbuka mistari, na atataka kuiimba yote, basi mpe toleo la kwanza, si rimiksi. Mpwa ni singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Manzese na Tandale, mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Wimbo anaujua kwa kipande cha simu, dakika moja inamtosha.

Dansi liende mapema, wazee wakiwa bado na miguu. Fundi wa muziki apunguze besi wakati huo: mipangilio ya singeli inafunika waimbaji kwenye rekodi za zamani. Ataipandisha tena zamu ya vijana ikifika.