Siku moja maishani mwangu: zamu ya MRI, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Nzuguni, upepo umeshajaza vumbi mezani. Chai, andazi moja, daladala.

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ndiye mpiga picha za mionzi wa zamu. MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, haina mionzi, lakini jina la kazi limeshaganda. Wa kwanza mgongo, wa pili goti. Wanapita haraka.

Saa 4. Anaingia mkulima wa zabibu (mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike), mkewe kamshika mkono. "Mbukwenyi!" Naitikia. Fomu inasema kichwa kinamuuma kila asubuhi, anatapika, ameanguka na kutetemeka mara mbili. Chini, kwa mwandiko mdogo: alitolewa uvimbe pajani miaka 2 iliyopita, sarkoma, saratani ya nyama za mwili. Mstari huo ukanikalisha sawa.

Saa, mkanda, sarafu, vyote vinabaki nje. Kiunoni ana hirizi.

"Baba, ndani ina nini?"

"Sijui, daktari."

Basi nayo inavuliwa. Sumaku haijadiliani na mganga.

Saa 4:40. Mashine inagonga kama kinu. Baada ya dawa ya mshipani, kulia kwa ubongo linang'aa duara, limezungukwa na uvimbe wa maji. Ndiyo maana mkono wake wa kushoto umekuwa mzito.

Majibu si yangu kutoa. Hutolewa na daktari wake. Mke ananidaka mlangoni: "Mwanangu, umeona nini?" Namwambia picha zimetoka vizuri. Ni kweli, na hakuna jibu ninalolichukia kama hilo.

Saa 6. Daktari anaomba CT ya kifua, picha za eksirei za vipande vipande, leo leo. Damu ya pajani hupanda moyoni, kisha hupita mapafuni kwenye mishipa myembamba kama chujio la chai. Seli za saratani zilizotoroka hunasa huko kwanza. Sarkoma za tishu laini hufika ubongoni kwa wachache, na mara nyingi mapafu yanakuwa yameshaguswa. Ipo moja adimu, iitwayo sarkoma ya alveola ya tishu laini, inayoukimbilia ubongo kuliko nduguze.

Kifuani: vinundu, pande zote mbili.

Saa 7. Ugali na mlenda. Sikumaliza.

Saa 8. Kaka yake anafoka koridoni: "Tulisema asikatwe! Kisu ndicho kilichoutawanya!" Maneno haya nimeyasikia sana. Aghalabu seli hizo huwa zimeshaondoka kabla ya kisu, ndogo mno kuonekana pichani. Mimi kilichoniuma ni kadi yake ya kliniki: picha ya kifua kila baada ya miezi 3. Alirudi mara moja. Ya pili iligongana na mavuno, jeraha limepona, mguu unatembea. Nani apange foleni kwa kitu kisichouma? Na sisi hatukumpigia simu. Daftari la wasiorudi hatuna.

Saa 9:30. Ameanzishiwa deksamethasoni kupunguza yale maji. Ndugu wanahesabu nauli ya SGR kwenda Dar, wakaulizie tiba ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani. Upasuaji wa kichwa ungezungumzwa kwa wepesi zaidi kama mapafu yangekuwa safi.

Anakuja mwenyewe kuchukua diski ya picha, kwa mkono wa kulia.

"Daktari, hiyo sumaku yenu inakula umeme kiasi gani?"

"Baba, bili wanaiona wakubwa."

Anacheka mpaka mkewe naye anacheka. Wameshafika getini ndipo mama anaikumbuka hirizi. Narudi mbio kuifuata.