Nyanya Zangu Ziko Wapi?

Julai 2014, kwenye baridi ile ya Moshi inayowafunga watu makoti hadi saa nne, nilikwenda soko la Mbuyuni na kamera yangu, Pentax K1000, ndani filamu ya nyeusi na nyeupe, Ilford HP5, picha 36. Nikamkuta mama muuza nyanya chini ya turubai. Nyanya nyekundu kapanga mafungu, nyuma yake mikungu ya ndizi mbichi imesimama kama ukuta. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa.

"Piga mwanangu, ila usinifukuzie wateja."

Nikapiga kumi na moja. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Filamu nilimpelekea mzee mmoja fundi picha, aliyekuwa bado na chumba cha giza nyuma ya studio yake. Chini ya taa nyekundu karatasi ikaanza kutoa picha ndani ya beseni, nami nimeinama. Kijivu. Nyanya kijivu, ndizi kijivu kile kile, huoni fungu linaishia wapi wala mkungu unaanzia wapi. Uso wa mama umezama. Niliumia, sifichi.

"Wewe umepiga rangi," mzee akaniambia. "Filamu hii rangi haijui, inajua mwanga."

Akanieleza taratibu: wekundu na ukijani vikiwa na mng'ao sawa, kwenye nyeusi na nyeupe vinatoka pacha. Kioo chekundu mbele ya lenzi kingezitenganisha, nyanya zikawa nyeupe na ndizi zikakolea, lakini kioo hicho kinakula mwanga, kinabakiza kama sehemu moja ya nane. Chini ya turubai, asubuhi ile ya ukungu, ningeambulia ukungu mwingine. "Fumba macho nusu kabla hujapiga. Kinachobaki kinaonekana, hicho ndicho picha."

Ya kumi na moja nilimwambia aiache. Nilibonyeza ukungu umeshaachia, mama akiinama kumpa mteja chenji. Fremu imekwenda upande, kichwa chake kimekatwa. Mzee akaisafisha hata hivyo. Jua lilikuwa limepenya kwenye tundu la turubai na kutua kwenye kiganja cha mama tu. Sarafu zilimeta. Mistari ya mkono, udongo kwenye kucha, vyote unavihesabu. Pembeni giza tupu. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko zote nilizopiga vizuri mwaka ule.

Jumamosi nikampelekea mama zote mbili. Akaanza na ile niliyoipanga.

"Nyanya zangu ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akachukua ya pili, akakaa nayo kimya. Halafu akanyoosha mkono wake kando ya karatasi, akagusa kovu chini ya kidole gumba, kwanza kwenye picha, kisha kwenye ngozi.

"Hili la panga, shambani kwa baba. Nilikuwa mdogo."

Akainua macho kwenye turubai, akalitafuta lile tundu, akavuta kigoda chake akakaa chini yake.