Nilikuwa nusu ya nambari

Jumamosi jioni nilikwenda kununua viazi karai kwa jirani yangu, nikamkuta amefura. Mchana alikuwa amekwenda kutoa pesa kwenye ATM ya kituo cha mafuta huku Bamburi, Mombasa. Kadi keshaishika mkononi, mara gari la pesa likaingia, polisi wawili wakashuka na bunduki, mmoja akamwambia, "Mama, rudi nyuma, ngojea kule." Kule kwenyewe ni kwenye marundo ya tairi kuukuu, juani. Akangoja karibu nusu saa.

"Nimefukuzwa kama kuku kwenye mchele," akasema, huku akikoroga unga wa viazi kwa hasira. "Mimi na ndara zangu hizi, nitawaibia nini wale?"

Nilicheka, maana kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nikiwangojesha watu kama yeye. Wengi mtaani wanajua nilikuwa "nafanya benki". Sikuwa wa benki. Nilikuwa wa kampuni iliyopewa kazi ya kulisha na kuangalia zile mashine zilizojitenga na tawi: za supamaketi, za petroli, za hospitali, za karibu na feri. Mashine iliyo ubavuni mwa tawi hulishwa kwa ndani, mlango umefungwa, hakuna anayeona. Hii ya nje haina mgongo. Ukiifungua, umeifungulia barabarani.

Watu hudhani ulinzi ni ile bunduki. Bunduki humfanya mwizi afikiri mara mbili, basi. Kilichokuwa kikilinda zile pesa ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja garini aliyeweza kulifungua kasha peke yake, hata kama angewekewa kisu shingoni.

ATM ni vitu viwili vilivyopandana. Juu kuna kompyuta, printa ya risiti na kile kidude kinachomeza kadi. Hapo panafunguka kwa ufunguo tu. Chini ndiko kwenye kasha la chuma, limekazwa sakafuni kwa bolti, na mlango wake una kufuli ya nambari. Nambari hiyo ilikatwa vipande viwili. Nusu yangu, nusu ya mwenzangu, ambaye nilizoea kumwita Shemeji kwa sababu mkewe anatoka kwetu Kisauni. Akiingiza yake mimi nageuza uso, nikiingiza yangu yeye anatazama barabara. Tumefanya kazi pamoja miaka sita. Nilijua anakunywa chai ya tangawizi bila sukari, nilijua anadaiwa na nani, na nambari yake sikuijua. Mume wangu naye hakuijua yangu, wala hakuniuliza hata siku moja, na hilo namshukuru hadi leo.

Baadaye baadhi ya kufuli zikabadilishwa, zikaja za kielektroniki. Ukifika unapiga simu kontroli, wale wanaozisimamia mashine kutoka mbali, unapewa nambari inayofanya kazi mara moja tu, na ukishafunga kufuli inakuonyesha nambari nyingine, lazima uwasomee kontroli ndipo wajue umefunga kweli na sio kwamba umerudishia mlango. Nyingine zina subira: unaingiza nambari, kisha unasimama dakika kadhaa ndipo zifunguke. Mwizi hana muda wa kusimama. Nilipomweleza jirani kuwa sehemu ya ile nusu saa yake ilikuwa hiyo, akasema angalau wangemwekea kiti.

Sheria nyingine ilikuwa tusipite njia ile ile wala tusifike saa ile ile. Aliyeitunga hakuwa na kisiwa kichwani. Ukitoka mjini kwenda Nyali ni darajani, kwenda Changamwe ni Makupa, kwenda Likoni ni feri. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia. Wakati wetu ilikuwa feri au ukae nyumbani. Kwa hivyo tulichezea saa. Leo alfajiri, kesho baada ya adhuhuri, kesho kutwa hatuendi kabisa.

Ile feri ndiyo ninayoiota mpaka sasa. Gari limesimama kati ya lori la saruji na mkokoteni wa nazi, mamia ya watu wamelizunguka, mtoto ameegemeza paji la uso kwenye mlango wa chuma anachungulia. Ndani hakuna kufungua, hakuna kushuka hata tumbo likikata. Kiyoyozi kimekufa tangu mwezi uliopita. Jasho linatiririka chini ya ile vesti ya kuzuia risasi na huwezi kujikuna. Shemeji alikuwa akisoma Ayatul Kursi kimya kimya, midomo tu ndiyo inacheza. Mimi nilikuwa nikihesabu makoti ya kuokolea maisha pale juu darini. Maji yenyewe ni kipande kidogo tu, lakini kuna siku niliona hatufiki.

Tukifika kwenye mashine, polisi hushuka kwanza, wanatazama, wanasogeza watu. Mimi na Shemeji hatushuki mpaka tupewe ishara. Kabla ya yote nilikuwa nikiutikisa kwa mkono ule mdomo wa kadi, na kupapasa juu ya vitufe, maana wapo wanaobandika vidude vya kunakili kadi na vikamera vidogo. Kisha tunaitoa mashine kazini, tunachapisha hesabu yake ya wakati ule, ndipo tunafungua.

Na hapa watu hushangaa: hatukuhesabu noti hata moja pale. Pesa zilikuwa zimeshapangwa kwenye kaseti, nne kwa kawaida, katika chumba cha kuhesabia chenye kamera kila pembe, kila kaseti ina sili ya plastiki yenye nambari yake. Kaseti moja huingia noti elfu mbili na zaidi, kwa hivyo ile ya noti za elfu moja ni milioni mbili na ushei, unaibeba kwa mkono mmoja kama unabeba betri ya gari. Tunatoa za zamani na masalia yake, tunaingiza mpya, tunaondoka. Masalia yanakwenda kuhesabiwa ndani, wengine wakitazama. Zamani, nilisikia wakubwa wakisimulia, walikuwa wakijazia palepale, mabunda mapajani, hesabu mdomoni. Nisingeifanya kazi hiyo.

Pembeni mwa kaseti kuna kisanduku cha noti zilizokataliwa: zilizokunjwa, zilizogandana mbili mbili, zenye gundi. Kwa Mombasa kisanduku hicho hakikosi kitu. Noti ya soko la Kongowea imekaa na samaki, ya makanga wa matatu imekunjwa mara nne, na msimu wa masika zote zinanyonya unyevu kama biskuti iliyosahauliwa wazi. Chumbani walizichambua na kuzipepea kabla ya kuzipanga, na bado zilikwama. Hewa ya chumvi nayo inakula waya, na mjusi anapenda joto la kompyuta kuliko anavyopenda ukuta wako. Fundi akiitwa, ile sehemu ya juu anaifanya. Akitaka kugusa huku chini, lazima sisi wawili tuje tumfungulie, tutoe kaseti kwanza, tusimame naye mpaka amalize. Mafundi walituchukia kwa hilo. Ilikuwa haki yao.

Niliwahi kuvuruga kazi, nami nitasema. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idd, saumu imetukausha, tumeshalisha mashine saba tangu alfajiri. Ya nane, ng'ambo, jua linazama na foleni ya feri inarefuka. Baada ya kuingiza kaseti, kabla ya kufunga kasha, unaiamuru mashine itoe noti moja moja kutoka kila kaseti na kuziangusha kwenye kile kisanduku, unazitazama kama zinalingana na kilichoandikwa. Kazi ya dakika mbili. Shemeji akaniangalia, mimi nikamwangalia. Nikatia sahihi kwamba tumejaribu.

Kule chumbani, mtu alikuwa amepanga noti za elfu moja kwenye kaseti ya mia mbili. Mashine ile ya kizamani haikusoma noti, ilipima unene tu. Ukiomba mia mbili, inakupa elfu. Ukiomba mia sita, elfu tatu.

Watu waligundua kabla tarawehe haijaisha. Habari ikapanda boda, ikapanda tuktuk, foleni ikazunguka mashine, na kila mmoja anaomba mia mbili mia mbili kwa adabu. Kilichotuokoa ni kwamba kontroli wanaona kwa mbali kaseti inavyoshuka. Mtu wa zamu akajiuliza usiku ule nani ana haja ya noti za mia mbili kiasi hicho, akaizima. Mashine huandika kila kadi na kila kiasi, kwa hivyo benki ilizifuata akaunti moja baada ya nyingine, na waliokwisha nunua kanzu wakakatwa polepole. Kijana mmoja wa boda alijipeleka mwenyewe tawini na elfu nne, akasema haendi kuswali Idd na pesa ambazo hajui ni za nani. Sisi tulipewa barua. Chumba cha kuhesabia nao walipewa, lakini sahihi kwenye fomu ile ilikuwa yangu, na sijawahi kuona kuwa nilionewa.

Jirani alisikiliza yote hayo mpaka viazi vikageuka rangi. Akainua kijiko chenye matundu, mafuta yanadondoka.

"Sasa hiyo nusu yako ilikuwa ngapi?"

Kazi nimeacha zamani, na nambari zilibadilishwa siku ileile niliyorudisha vesti.

"Mama, viazi vinaungua," nikamwambia.