Mstari Uliofuata

Masomo: Warumi 13:11–14:4, 2 Timotheo 4:9–13

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Likizo ya kiangazi imekwisha, na najua wengi mmerudi na vitabu mlivyomaliza na vingine mlivyoacha katikati. Mimi nilisoma Maungamo, ambamo Mtakatifu Augustino anasimulia maisha yake, na Safari ya Msafiri, hadithi ya John Bunyan, sehemu zote mbili.

Kisa cha Augustino bustanini kule Milano, mwaka 386, tumekisikia sana mahubirini. Analia chini ya mtini, anasikia sauti kama ya mtoto ikiimba "chukua, usome," anafungua nyaraka za Paulo, na macho yanatua penye neno la kuacha ulevi na ufisadi na "mvaeni Bwana Yesu Kristo." Wahubiri wengi huishia hapo. Mwenyewe anaendelea. Rafiki yake Alipio alikuwapo bustanini muda wote ule, kimya. Augustino anamwonyesha aliposoma, na Alipio anasoma mstari uliofuata, ambao mwenzake hakuufikia: "Yeye aliye dhaifu wa imani, mkaribisheni." Akauchukua kuwa wake. Kisha wote wawili wakaingia ndani kumweleza Monika, mama yake Augustino.

Hapo nilikaa sana. Augustino alikuwa amefungwa na tamaa za mwili. Alipio, kwa ushuhuda wa Augustino mwenyewe, alikuwa amemtangulia mbali katika usafi wa mwenendo. Neno la kuacha ulevi na ufisadi lingempita tu. Alichohitaji ni kupokelewa na unyonge wake, na neno hilo lilikuwa ukurasa uleule. Augustino angefunga kitabu na kwenda zake na furaha yake, Alipio angebaki bustanini.

Bunyan alifungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Katika sehemu ya kwanza ya Safari ya Msafiri, ya mwaka 1678, msafiri aitwaye Mkristo anakimbia nyumbani ameziba masikio, mke na watoto wakimwita. Sehemu ya pili, ya 1684, inamfuata mkewe akisafiri na wanawe na jirani, na njiani wanaungana na wanyonge, hata anayetembea kwa magongo. Haina makali ya ile ya kwanza, nakubali. Lakini ndiyo niliyoipenda, maana humo msafara unakwenda kwa mwendo wa aliye mnyonge.

Paulo naye, kifungoni, siku zake zikielekea ukingoni, anamwomba Timotheo alete joho, "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Katika maneno hayohayo anaomba aletewe na Marko. Anataka vitabu, na anataka watu.

Juma hili tusome Warumi 13:11 hadi 14:4 wawili wawili, kwa sauti. Kila mmoja amwambie mwenzake ni mstari upi umemshika. Mwenzake asikilize tu, asimsahihishe.